Uwanja wa Songwe hauko Songwe

Ndege ya kutoka Dar es Salaam inapotua Uwanja wa Ndege wa Songwe, abiria mgeni huteremka ngazi akiamini kwamba amefika Mkoa wa Songwe. Hajafika. Amesimama katika ardhi ya Mkoa wa Mbeya, na kama shida yake iko kwa Mkuu wa Mkoa wa Songwe, atafute gari, aifuate barabara kuu iendayo Zambia, apite Mlowo, ndipo aingie Vwawa. Huko Vwawa nako asiseme amefika Wilaya ya Songwe, maana Vwawa ni mji wa Wilaya ya Mbozi. Wilaya ya Songwe ipo, makao makuu yake ni Mkwajuni, na huko ni safari nyingine kabisa.

Wa kulaumiwa si aliyeubatiza uwanja. Ulipoanza kupokea ndege mwishoni mwa 2012, hapakuwa na mkoa wenye jina hilo. Songwe lilikuwa jina la bonde na la mto, tena mito miwili: mmoja unateremka kwenda Ziwa Nyasa na ndio mpaka wetu na Malawi, wa pili unampa mwenzake kisogo na kwenda kuishia Ziwa Rukwa. Mwanzoni mwa 2016 Mkoa wa Mbeya ukamegwa. Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zikatoka, zikawa mkoa mpya, nao ukapewa jina la maji hayo. Uwanja ukabaki kwa mama, jina likaenda na mtoto. Pamoja na jina, mtoto aliondoka na mpaka wa Tunduma na foleni zake za malori, akaondoka na kahawa ya Mbozi, akaondoka hata na kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba liko Mbeya.

Songwe ina wenzake. Mtalii anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara huingilia lango la Mto wa Mbu, na Mto wa Mbu ni mji wa Wilaya ya Monduli, mkoani Arusha. Mkoa wa Manyara, wenye makao yake Babati, unaligawana ziwa na jirani yake. Mkoa wa Pwani unatawaliwa kutoka Kibaha, mji ambao hauioni bahari. Na kule Pemba kuna wilaya inayoitwa Mkoani, kwa hiyo mtangazaji wa redio anaweza kusema kwamba ajali imetokea Mkoani, mkoa wa Kusini Pemba, na awe hajakosea neno hata moja.

Nchi yetu ina mikoa mingapi? Jibu linategemea umri wa unayemuuliza. Aliyemaliza darasa la saba miaka ya 1980 atakwambia 25: 20 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Aliyemaliza baada ya 2002, Manyara ilipotoka tumboni mwa Arusha, atasema 26. Mdogo wao wa 2012 atasema 30, kwa kuwa mwaka huo walizaliwa wanne kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Wa leo anasema 31. Wote walipewa vema na mwalimu, na wote walichora ramani ileile yenye umbo lilelile kwa nje. Mistari ya ndani ndiyo iliyokuwa ikitembea.

Nimekaa na orodha ya mikoa 26 ya Bara kwa siku kadhaa, nikiisoma kama mtu anavyosoma majina ya wajukuu wa ukoo, kutafuta aliyerithi jina na aliyerithiwa. Mikoa 16 ina majina ya miji. Mmoja una jina la mlima, mmoja unaitwa Pwani tu. Iliyobaki 8 yote ni maji: mito ya Mara, Ruvuma, Kagera, Simiyu na Songwe, kisha maziwa ya Rukwa, Manyara na Katavi. Jina la watu limo moja tu, Arusha, nalo liliufikia mkoa kwa kupitia mji. Hakuna Mkoa wa Wasukuma, ingawa ndio wengi kuliko wote nchini. Wametapakaa Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Uhaya, Uchagani, Unyamwezi na Ugogo ni majina yaliyo hai midomoni mwa watu, lakini ukiingia ofisi ya mkuu wa mkoa huyakuti kwenye kibao chochote.

Hili halikutokea kwa bahati, na thamani yake haionekani mpaka urudi nyuma uone ramani ilikotoka.

Wajerumani walitawala kwa boma. Ofisa mmoja na askari wake walikaa ndani ya ngome, na eneo waliloweza kulifikia kwa miguu na kulitoza kodi ndilo likawa wilaya. Baadhi ya maboma waliyapa majina ya kwao: Lushoto ikawa Wilhelmstal, Tukuyu ikawa Neu-Langenburg, na Kasanga, kule ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ikaitwa Bismarckburg, kwa heshima ya mzee mmoja wa Berlin ambaye hakuwahi kuliona ziwa hilo. Majina hayo yalikufa siku bendera yao iliposhushwa. Boma halikufa. Mpaka leo kuna miji ambayo mtu akienda ofisi za serikali anasema anakwenda bomani, hata kama ofisi yenyewe ni ghorofa la vioo.

Maneno ya utawala yana umri mkubwa kuliko Wajerumani. Wilaya na liwali ni ya Kiarabu, yalishuka pwani pamoja na utawala wa Oman, na huko Oman hadi sasa nchi imegawanywa kwa wilaya na mkubwa wa wilaya huitwa wali. Tarafa nayo ni ya ukoo huohuo. Wajerumani waliwakuta maliwali, maakida na majumbe, wakawachukua kama walivyo, wakawapeleka mpaka bara ambako hakuna aliyewajua. Akida wa pwani aliyepelekwa kukusanya kodi kwa watu wasio wake alichukiwa vibaya, na chuki hiyo ilikuwa mojawapo ya kuni za vita vya Maji Maji. Kata ni neno letu wenyewe, na mtu asijidanganye kuhusu asili yake: lina sauti ya panga ndani yake.

Kisha akaja Mwingereza, na mwaka 1925 akaja gavana Donald Cameron, mtu aliyependa mambo yawe na mpangilio. Mwaka uliofuata akaiweka nchi katika majimbo, na juu ya kila jimbo akaketi mkuu wake Mzungu. Kufikia miaka ya 1940 majimbo yalikuwa 8: Kati, Mashariki, Magharibi, Kusini, Kaskazini, Ziwa, Nyanda za Juu Kusini na Tanga. Yasome tena majina hayo ukijiuliza ni nani anayeita nchi namna hiyo. Magharibi ya nini? Kusini ya wapi? Ni majina ya mtu aliyekaa mezani Dar es Salaam na ramani mbele yake, akinyoosha kidole. Mkulima wa Urambo hakuwahi kuamka asubuhi akajiona yuko magharibi. Yeye yuko kwao.

Chini ya majimbo hayo kulikuwa na jambo zito zaidi. Cameron alitawala kupitia machifu, na chifu lazima awe chifu wa kabila, na kabila lazima liwe na mipaka. Pale mipaka ilipokosekana, ilitafutwa. Watu waliokuwa wakioana, wakibadilishana chumvi na majembe na kuhamiana bila kuulizana pasi, wakaandikwa kwenye madaftari kuwa wa kabila hili na si lile. Wilaya nyingine zikapewa jina la watu moja kwa moja: Wilaya ya Masai, Wilaya ya Pare. Nchi ikawa kama meza yenye droo, kila kabila na droo yake, na ufunguo mfukoni mwa Bwana Shauri, ofisa wa utawala wa Kiingereza.

Ndiyo maana kilichofanyika 1962 na 1963 kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kinavyotazamwa. Kwanza majimbo yakafutwa, neno mkoa likashika nafasi yake, na wakuu wapya wa mikoa wakawa Waafrika waliokuwa pia makatibu wa chama tawala cha TANU katika maeneo yao. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kwa sheria. Katika kipindi hichohicho mikoa ikafikia 17. Wapare walitolewa Jimbo la Tanga wakaunganishwa na Wachaga wa Moshi, na mkoa huo haukuitwa wa Wachaga wala wa Wapare. Ukaitwa Kilimanjaro. Huko Musoma na Tarime, ambako kuna Wakurya, Wajita, Waluo, Wazanaki na wengine ambao ukianza kuwataja utasahau wawili watatu na watakununia, mkoa ukapewa jina la mto. Mto hauna shangazi. Hakuna atakayesimama baa akadai kwamba Mara ni ya babu yake, kwa sababu maji yenyewe yanatoka Mau, Kenya, na yanapita tu.

Wilaya zenye majina ya watu nazo zikafuata baadaye. Wilaya ya Pare ikawa Same na Mwanga. Eneo la Wilaya ya Masai leo utalikuta limegawanyika kati ya Monduli, Longido, Ngorongoro, Kiteto na Simanjiro, katika mikoa miwili tofauti.

Kati ya mikoa 17 ya mwaka 1963 ulibaki mmoja tu wenye jina la mtindo ule wa kidole cha gavana: Ziwa Magharibi. Uliendelea kuitwa hivyo hadi vita vilipoubadilisha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakachukua ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kutangaza kwamba hiyo sasa ni Uganda. Kwa miezi kadhaa neno Kagera lilikuwa kila siku redioni. Aprili 1979 Kampala ilianguka, na mwaka huohuo Ziwa Magharibi ikawa Mkoa wa Kagera. Ni kama familia inayompa mtoto jina la mahali pa msiba, ili pasisahaulike.

Sasa chukua mzee mmoja wa kufikirika, aliyezaliwa Mpanda mwaka 1950. Alizaliwa Jimbo la Magharibi, chini ya Mfalme George wa Sita. Mpanda ilikuwa ikitazama Tabora, na sababu yake ilikuwa reli: tawi lililotoka Kaliua kufuata madini ya risasi. Reli ndiyo iliyoleta barua na nguo, na kwa reli ndiyo mgonjwa alipelekwa hospitali kubwa. Mzee wetu alipokuwa kijana wa miaka 13 alikuwa mtu wa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974, akiwa na mke na shamba, akaambiwa yuko Mkoa wa Rukwa pamoja na watu wa Sumbawanga waliotolewa Mbeya. Tangu siku hiyo mambo yake makubwa ya kiserikali yakawa kusini, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ambayo wakati wa masika ilikuwa na maoni yake yenyewe. Treni bado ilikwenda Tabora. Serikali ilikwenda Sumbawanga. Mwaka 2012, akiwa na wajukuu, akaamka yuko Mkoa wa Katavi, na makao makuu yake ni Mpanda hapohapo mlangoni kwake.

Jimbo moja na mikoa mitatu, na hajahamisha hata banda la kuku.

Jina alilopewa mara hii halitoki kwenye meza ya mtu. Katavi ni ziwa dogo na hifadhi ya taifa, na kabla ya hayo ni jina la mzimu, Katabi, ambaye wenyeji humpelekea sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa hilo. Nadhani ni mkoa pekee nchini ulioazima jina lake kwa mzimu, na sijasikia mzimu huo ukilalamika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 ndani ya Katavi. Ile ya 2022 ikakuta 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine ulioongezeka kwa kasi hiyo. Wengi walikuja na ng'ombe na majembe kutafuta ardhi, lakini mji uliopata hadhi ya makao makuu nao huvuta watu wake: wafanyakazi, mafundi, wenye nyumba za kulala wageni, mama lishe.

Hapa panahitaji ufafanuzi, kwa sababu hata wasomaji wazuri huchanganya. Hakuna Mtanzania wa Bara anayepiga kura ya mkoa. Tunamchagua Rais wa nchi, mbunge wa jimbo, diwani wa kata, mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na mwenyekiti wa kitongoji. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, na Ibara ya 2 ya Katiba ndiyo inayompa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata utaratibu wa sheria. Mkoa hauna baraza la kuchaguliwa. Hautungi sheria ndogo, hautozi ushuru wa mazao. Anayetoza ni halmashauri, yenye madiwani wake na mkurugenzi wake. Ukitaka kuwatofautisha barabarani tazama namba za magari: la serikali kuu huanza na ST, la halmashauri huanza na SM. Mkoa ni mkono wa serikali kuu ulionyooshwa ukafika kwenu. Halmashauri inatakiwa iwe mkono wenu wenyewe.

Inatakiwa. Mwaka 1972, katika kile kilichoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa, na shughuli zake wakapewa watumishi wa serikali kuu waliotumwa mikoani. Jina la mpango lilikuwa tamu kuliko mpango wenyewe, maana madaraka yaliyokwenda mikoani yalikuwa yaleyale ya Dar es Salaam, yamebadilisha anwani tu. Miji ilioza. Mifereji iliziba, barabara za mitaa zikawa mashimo. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya, na kufikia 1984 halmashauri zote zilikuwa zimerudi. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyarudia kama angepewa nafasi ya kuanza upya. Viongozi wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani si wengi.

Basi kama mkoa hauna kura wala ushuru, kwa nini watu huutaka kuliko wanavyoitaka halmashauri? Muulize mtu wa Kiteto. Kabla ya 2002 Mkoa wa Arusha ulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 80,000, mkubwa kuliko hata Tabora, na Kibaya, makao makuu ya Kiteto, iko karibu zaidi na Dodoma kuliko na Arusha. Au muulize mtu wa Ludewa enzi za Iringa. Mkoa ukija, huja na hospitali ya rufaa, kamanda wa polisi, meneja wa barabara wa TANROADS, ofisi ya TAKUKURU, mabenki, na daktari bingwa angalau mmoja ambaye hataomba uhamisho mwezi wa kwanza. Lami nayo hupenda kufuata mahali anapolala mkuu wa mkoa. Viwanja vya pembeni mwa mji, vilivyokuwa mashamba ya mihogo, hupanda bei kabla hata ya tangazo kutoka kwenye gazeti la serikali, na wanaojua mapema huwa ni walewale.

Maombi yenyewe husafiri kwa ngazi: kutoka vikao vya vijiji na kata kwenda baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, TAMISEMI, hadi kwa Rais. Kwenye karatasi hoja huwa ukubwa wa eneo, idadi ya watu na umbali. Nje ya karatasi vita vya kweli huwa makao makuu yatakaa wapi. Mji unaokosa huugua ugonjwa huo miaka mingi. Wakati mwingine hata ombi lenye sauti kubwa halifiki: mwaka 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli, wito wa kuwapo kwa Mkoa wa Chato ulitolewa hadharani, na Chato ikaendelea kuwa wilaya ya Mkoa wa Geita. Sina ugomvi na uamuzi huo. Kila mkoa mpya unajengwa kwa jengo la sekretarieti, ikulu ndogo, nyumba za wakuu na msururu wa magari, na fedha hizo zote zina zahanati ambazo hazikujengwa. Uganda walikuwa na wilaya 33 mwaka 1986, leo wana zaidi ya 130, na hakuna anayethubutu kusema kwamba huduma zimeongezeka mara nne.

Kenya walipita njia nyingine. Wao waliingia uhuru na mikoa mikubwa na wilaya chini yake, na wilaya ziliongezwa kila siasa ilipohitaji kumfurahisha mtu, hata Mahakama Kuu mwaka 2009 ikasema kwamba zile zilizobuniwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali. Katiba ya 2010 ilipokuja, waliorodhesha kaunti 47, na hizo 47 ni wilaya zilezile za 1992 pamoja na Nairobi. Kuchora upya kungefungua ubishi usio na mwisho, kwa hiyo wakachukua mistari iliyokuwapo wakaipa magavana wa kuchaguliwa, mabunge yake, maseneta, na haki ya kupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kila kaunti ina namba, kuanzia Mombasa ambayo ni 1 mpaka Nairobi ambayo ni 47, na vijana hujitambulisha kwa namba hizo kama wachezaji wa mpira.

Tazama majina: Turkana, Samburu, Nandi, Kisii, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Taita Taveta. Mito imo, Tana River na Trans Nzoia, lakini majina kama hayo yanasema ardhi ni ya nani. Mkenya anaweza kumfukuza gavana wake kwa kura, mimi siwezi kumfanya hivyo mkuu wangu wa mkoa, na hilo namwonea wivu. Lakini mstari kati ya Kisumu na Vihiga pale Maseno, au kati ya Taita Taveta na Kwale pale Mackinnon Road, ni jambo la mahakama na la maandamano, kwa sababu nyuma ya mstari kuna bajeti, na nyuma ya bajeti kuna jina la watu. Kwetu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya hakuna aliyechoma tairi. Kilichogawanywa hakikuwa cha mtu.

Zanzibar inastahili aya yake, ingawa fupi. Mikoa yake mitano imebaki na majina ya dira: Kaskazini na Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini na Kusini Pemba. Hakuna anayejinadi kwa majina hayo. Mtu ni wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Wete. Na mtu wa karibu kabisa na serikali huko ni sheha, mwenye cheo cha jina la kale na kazi ya kisasa. Mwenyekiti wa kijiji wa Bara huomba kura. Sheha huteuliwa.

Kuna jambo moja la kuchekesha katika haya yote. Yale majimbo ya Cameron, yaliyofutwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, hayakufa. Yamebadilisha jina yakaitwa kanda. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa, sikiliza wachambuzi wa siasa, sikiliza wenye mabasi: Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kati, Kanda ya Kaskazini, Nyanda za Juu Kusini. Kanda haina bendera wala mkuu wa kuapishwa, lakini mtu wa Simiyu akikutana na mtu wa Geita kwenye daladala ya Mbagala hawaulizani mikoa yao, ambayo yote ina umri wa mtoto wa sekondari. Wanaambiana kwamba wao ni wa Kanda ya Ziwa, na mazungumzo yanahamia Kisukuma. Neno jimbo lenyewe limepata kazi nyingine: la mbunge, na la askofu wa Kikatoliki. CHADEMA ilipoleta sera ya majimbo ikimaanisha utawala wa aina ya zamani wenye viongozi wa kuchaguliwa, nusu ya kazi yake ilikuwa kueleza kwamba haizungumzii majimbo ya ubunge.

Mpaka wenyewe hauonekani. Ukisafiri kutoka Mbeya kwenda Vwawa utaona kibao cha kukukaribisha Songwe, nacho kinapita kabla hujakisoma hadi mwisho. Mihogo ya upande huu na mihogo ya upande ule ni sawasawa. Siku mpaka unapoonekana ni moja kwa mwaka, siku ya Mwenge wa Uhuru, ambao lazima upite kila halmashauri nchini. Maturubai mawili hufungwa pande mbili za barabara. Upande mmoja wanakaa wa mkoa unaokabidhi, upande wa pili wanaopokea, kila upande na wimbo wake, vijana wake wa halaiki na skafu zake. Mkuu wa mkoa mmoja husoma Mwenge umekimbizwa kilomita ngapi kwake na umezindua miradi mingapi, humkabidhi mwenzake, naye huahidi kuulinda. Msafara wa magari ya ST na SM hugeuza, vumbi linapaa, bodaboda zinaufuata kwa honi mpaka kona ya kwanza.

Kisha maturubai yanafunguliwa. Mama aliyekuwa akiuza maandazi upande wa Mbeya anafunga beseni lake kwa khanga, anajitwisha kichwani, na kuvuka barabara kurudi nyumbani, mkoa wa pili.